Chujio la Sanga na Moshi wa Mzee Badi

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Leo nimevumbua kitu. Kusema kweli bado kiko kichwani, lakini kichwa changu hakijanidanganya ila mara tatu nne hivi.

Chujio! Chujio la mkaa wa kifuu cha nazi, unalichomeka kwenye sigara, moshi unaingia mchafu na kutoka safi kama kwaya ya Pasaka. Watu watavuta wapendavyo na mapafu yasijue. Nitaliita Chujio la Sanga. Jina langu ni fupi, litaenea vizuri kwenye boksi.

Siku ya Afya na Sayansi ni Jumamosi ya tarehe ishirini, Kilifi. Mwaka jana mshindi alikuwa Faiz, mwenye duka la dawa mkabala na lango la shule yetu, kwa mafuta yake ya mwarobaini ya kufukuza mbu. Picha ya ushindi kaitundika dukani. Nami nimo pichani. Ukisogea karibu utaliona sikio langu.

Miaka kumi na tisa mimi ni fundi wa maabara hapa Malindi. Nimeosha mirija ya kioo isiyo idadi. Mwaka huu haitundikwi picha ya sikio.

Ila nahitaji ushahidi. Lazima nipime sumu zinazozaliwa sigara inapoungua: lami, kaboni monoksaidi na jamaa zao. Kwanza bila chujio, kisha na chujio. Nimemwendea Mwalimu Mkuu, Bi. Cherop, nikamwambia nataka kupima sumu za moshi ili vijana waogope. Kafurahi sana. Kasema ni jambo la maana kuliko yote niliyowahi kumletea, hasa ukikumbuka lile la popo. Habari ya chujio sikuitaja. Huko si kudanganya. Ni kuupanga ukweli kwa zamu.

Tatizo dogo: Mama Janet. Mke wangu anajua niliacha sigara mwezi wa Juni. Na kweli niliacha, nyumbani. Zile chache za nyuma ya matangi ya maji hapa shuleni kuanzia leo zinahesabiwa kuwa utafiti.

Jumatano, 10 Septemba

Mashine imekamilika! Nimeagiza kwa binamu yangu Vitengeni bomba kubwa la sindano analochanjia mbuzi. Nikaliunga kwa mpira na mrija wa kioo uliojazwa pamba, na mbele ya mrija nikachomeka sigara. Nikivuta bomba, sigara inavuta pumzi kama mtu, moshi unapita kwenye pamba, lami inabaki. Wataalamu wana kanuni yao: mililita thelathini na tano, kwa sekunde mbili, mara moja kila dakika. Nimeifuata kanuni neno kwa neno, isipokuwa mara moja simu ilipolia.

Sigara ya kwanza imekwisha kwa pumzi tisa. Pamba iliingia nyeupe, ikatoka rangi ya chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Nikaiweka kwenye mizani mpya: miligramu ishirini na saba zimeongezeka. Nilipiga kelele peke yangu.

Sigara ya pili, na chujio: thelathini na moja.

Nikarudia. Thelathini na tatu. Chujio langu linazalisha lami!

Nikachomeka sigara bila kuiwasha, nivute hewa tupu. Miligramu kumi na tatu. Sigara isiyowashwa imetoa lami. Nilikaa chini. Kwa muda nilidhani nimegundua jambo kubwa kuliko chujio.

Kisha nikaelewa. Ni bahari. Hewa ya Malindi imejaa unyevu, na pamba huunywa kama ngamia. Nilikuwa napima maji. Mtu mwingine angekausha pamba zote sawasawa na kuanza upya. Mimi nimeona fursa. Pamba ya chujio, kabla ya kuirudisha mizanini, nimeiweka ndani ya joko la maabara mpaka ikawa kavu kama biskuti. Pamba isiyo na chujio nimeiacha dirishani, ipate upepo.

Bila chujio: thelathini na nne. Na chujio: nane!

Sikughushi namba hata moja. Nimechagua hali ya hewa tu.

Ijumaa, 12 Septemba

Siku yenye mafunzo. Kwa wengine.

Lami nimeimaliza, ikabaki kaboni monoksaidi. Ni gesi isiyo na rangi wala harufu, inaingia kwenye damu na kukaa kiti cha hewa safi, haitaki kuinuka. Pamba haiikamati. Sasa jirani yangu Ngala anaangalia nyumba ya Mtaliano mmoja aliye kwao, na kule bafuni, karibu na hita ya gesi, kuna kidude cheupe cha kunusa gesi hiyohiyo na kupiga kelele ikizidi. Nimekiazima. Ngala kaniomba nikirudishe kabla Mtaliano hajarudi Desemba.

Nikakitia ndani ya ndoo yenye kifuniko, nikapuliza humo moshi wa sigara mbili. Wazo langu lilikuwa kuhesabu sekunde mpaka kilie: kikichelewa, gesi ni kidogo.

Hakikuchelewa.

Sijasikia sauti kama ile tangu nizaliwe. Nikabonyeza kila kitu kinachobonyezeka. Maandishi yote ni ya Kitaliano. Nikakifunika kwa koti. Nikakikalia. Kikaendelea kulia chini yangu, na nje nikasikia madawati yanasukumwa. Shule nzima ilidhani moto. Kidato cha Nne, waliokuwa katikati ya mtihani wa majaribio wa Kemia, walimiminika uwanjani huku wakilinganisha majibu.

Bi. Cherop kanikuta nimekalia ndoo. Nikamweleza kwamba shule nzima imetoka kwa dakika mbili na nusu, jambo ambalo shule nyingi za pwani haziwezi kujivunia. Kasema mtihani utarudiwa wote, karatasi mpya, na kwamba kuanzia leo nifanyie kazi yangu nje, kwenye banda la baiskeli. Nimeiandika sababu kwenye daftari la utafiti: "Uingizaji hewa bora."

Jumatatu, 15 Septemba

Mashine ni mashine. Waamuzi watataka mtu mwenye mapafu. Na nimempata!

Mzee Badi. Karani mstaafu wa forodha, mwenyeji wa Shela hapa mjini, kanzu yake haishiki vumbi. Sigara arobaini kwa siku, miaka hamsini na miwili. Kila asubuhi hukaa kwenye baraza la duka la dawa, kwa sababu Faiz ni mtoto wa nduguye. Anamwita ami. Fikiria utamu wake: chujio langu litathibitishwa na ami yake Faiz, mbele ya Faiz!

Faiz alipoingia stoo, nikamwendea mzee. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu. Nikamweleza kuwa sayansi inamhitaji. Kasema amengoja miaka mingi kuambiwa hivyo, ila alitumai ingekuwa sayansi ya nyota. Tukavuka barabara taratibu mpaka bandani. Kasimama mara tatu kukohoa. Kikohozi chake ni kama pampu ya maji inayokataa kuwaka. Hata baiskeli zilitikisika.

Kalijaribu chujio. Kavuta. Mashavu yakakutana ndani.

"Mwanangu," kasema akipumua, "hii si sigara. Huku ni kunyonya urojo kupitia ukuta."

Nikamwambia atazoea. Kavuta tena, kwa nguvu zaidi na zaidi, mpaka macho yakatoa machozi. Nikaandika: "Mvutaji ameguswa."

Apumzike kidogo, nikamwonyesha mashine ikifanya kazi bila chujio. Kaangalia pumzi zote tisa. Nilipotoa pamba, kaniomba aishike. Kaigeuza mkononi.

"Hii imetoka kwenye moja?"

"Moja tu, mzee."

"Mimi navuta arobaini."

Sasa hapo ndipo nilipong'ara. Nilimwambia hesabu yake ni nyepesi. Toa unyevu wa bahari, chukua miligramu ishirini kwa sigara. Mara arobaini, gramu sifuri nukta nane kwa siku. Mara siku za mwaka, mara miaka hamsini na miwili. Kilo kumi na tano na ushei! Pakiti saba na nusu za unga wa sima, za kilo mbili mbili! Nilizifanya zote kichwani, bila kikokotoo, na leo usiku huu nikirudia nazikuta sawasawa.

Mzee Badi kaitazama tena pamba. Kisha kauliza hiyo lami hukaa wapi.

"Humo humo," nikasema, nikamgusa kifuani kwa kidole, kama ninavyowaonyesha wanafunzi kwenye kielelezo.

Kaifunga pamba kwenye leso yake, kaitia mfukoni, kaaga. Pakiti yake ya sigara kaisahau juu ya kiti cha baiskeli. Nadhani hesabu ilimshangaza sana. Si watu wengi wanaoweza kuzidisha vile kwa kichwa.

Jumatano, 17 Septemba

Mvutaji wangu hajaonekana jana wala leo. Baraza tupu. Nikaingia dukani kuuliza. Faiz kasema ami yake anapumzika, hajisikii vizuri, mikono inamtetemeka na hataki kusemeshwa. Nikasema namwombea. Nilikuwa namwombea apone kabla ya Jumamosi.

Faiz hana siri. Kanionyesha atakachopeleka Kilifi: kimashine cha mkononi, unapuliza, kinakwambia una kaboni monoksaidi kiasi gani kifuani. Chini ya kumi, huvuti. Juu ya hapo, unavuta. Basi! Hakina bomba, hakina pamba, hakina jasho la mtu. Kakinunua tu! Nikamwambia ni kizuri, kwa sauti ile anayotumia mtu kusifu mtoto wa jirani.

Kwa kuwa Mzee Badi hayupo, nimejitolea kuwa mvutaji mwenyewe. Pakiti yake imekwisha, na nyingine. Ripoti yangu ya mvutaji inasema chujio lina ladha ya kuvutia.

Nyumbani Mama Janet kalinusa shati langu. Yeye ni fundi cherehani, pua na macho vyote ni vya kufuma. Kauliza. Nikasema ni moshi wa kazini, kama vile muuza samaki anavyonuka samaki bila kuwa papa. Kanitazama kama anayehesabu mishono ya nguo ya mtu mwingine. Kisha kasema na yeye atakuja Kilifi, kwaya yao imealikwa kuimba.

Vyema. Ashuhudie.

Jumamosi, 20 Septemba

Niandike upesi kabla watu hawajaanza kupotosha.

Tumefika Kilifi saa mbili asubuhi. Meza yangu ilikuwa bora kuliko zote. Mashine katikati, machujio ishirini yamepangwa kama risasi, na juu bango: CHUJIO LA SANGA – VUTA, USIVUTWE. Bi. Cherop kalisoma mara mbili. Kauliza kwa sauti ndogo chujio ni nini. Hakuwa amelisikia. Nikamwambia ndiyo sehemu ya pili ya ukweli.

Jaji mkuu ni Dkt. Nasiba, mama mfupi mwenye miwani ya kamba. Kauliza kama pamba zote zilikaushwa sawasawa kabla ya kupimwa. Nikamjibu kwa kirefu kuhusu hali ya hewa ya pwani. Kauliza mkaa wa kifuu unaikamataje kaboni monoksaidi, maana yeye ajuavyo gesi hiyo hupita mkaani kama haiuoni. Nikasema ndiyo maana ya uvumbuzi. Kauliza mtu akivuta kwa nguvu zaidi kwa sababu ya kizuizi, si atavuta sumu zaidi? Huyu mama ana maswali ya kizamani.

Umati ulikuwa umejaa, na nikaona unanitoka. Meza ya pili, Faiz anapulizisha watu, wanacheka, wanapanga foleni. Hapo nikapata mpango. Nikatangaza kwa sauti kwamba nitapuliza mashine ya mwenzangu Faiz mimi mwenyewe, mtu ambaye havuti tangu Juni, ili umma uone kifua safi kinasomaje. Kisha nivute kwa chujio, nipulize tena, namba ibaki ileile. Nani angepinga?

Zile tatu nilizovuta alfajiri kituoni za kutuliza moyo, na mbili nyuma ya hema, sikuzihesabu. Zilikuwa za utafiti.

Nikavuta pumzi. Nikashikilia. Nikapuliza.

Thelathini na nne.

Faiz, sijui kwa hila au kwa wema, kasema labda mashine haijatulia, nijaribu tena. Nikajaribu. Thelathini na tano.

Kwaya ilikuwa imekaa mstari wa mbele. Mama Janet hakupiga kelele. Kakunja karatasi yake ya nyimbo, mara moja, mara mbili.

"Baba Janet," kasema. "Thelathini na tano."

Basi. Namba tu. Nikaanza kueleza habari ya muuza samaki na papa, lakini umati ukageuka kwa sababu Mzee Badi alikuwa amesimama.

Sikujua hata kama amekuja. Amekonda kidogo, anatafuna karafuu. Katoa leso mfukoni, kaifungua, kaiinua ile pamba juu watu waione.

"Hii ni sigara moja," kasema. "Huyu bwana kanipigia hesabu ya zote. Kilo kumi na tano. Kanigusa hapa akaniambia zimo humu. Madaktari wamenikanya miaka, mimi nawachekea. Hakuna aliyewahi kunipimia. Leo siku ya tano sijatia sigara kinywani, na wallahi ni siku tano nilizolia kama mtoto."

Kapuliza mashine. Tatu.

Watu walipiga makofi. Bi. Cherop alifuta macho. Faiz alimkumbatia ami yake, bega likitikisika. Mimi nilisimama pale na machujio ishirini, nimepoteza mvutaji wangu wa pekee.

Waamuzi wakatoa zawadi ya kwanza kwa Faiz tena, kwa kimashine cha kununua! Na Dkt. Nasiba kasema kuna tuzo maalumu kwa Bw. Sanga wa Malindi kwa ile pamba. Kwa pamba! Takataka ya jaribio! Kuhusu chujio wameandika mstari mmoja, kwamba lisitumiwe na mtu yeyote. Ni sawa na kumpa zawadi mpishi kwa sababu ya maganda ya viazi.

Safari ya kurudi, Mama Janet alikaa na kwaya.

Jumapili, 21 Septemba

Mama Janet kangoja mpaka baada ya ibada. Kisha kanikalisha kitini pa kushonea, kasimama.

Kanikumbusha baba yake, kule Vitengeni, aliyemalizwa na sigara. Mwaka mzima hakuweza kulala chali. Yeye, binti, ndiye aliyekaa naye akimpepea kwa ukuti, maana mgonjwa alidhani upepo utamwingia hata kifua kikikataa. Kasema alimpepea mpaka mkono ukaota sugu, na siku alipoacha kupepea ni siku ambayo hapakuwa tena na wa kupepewa.

"Nimempepea baba," kasema. "Sitampepea mume. Ukitaka kufa kwa moshi, nenda ukafie kwa huyo mbuzi mwenye sindano."

Iliniingia sana. Nililia kidogo. Nikamwahidi kwa moyo wangu wote, na nilimaanisha kila neno karibu saa nzima.

Amri zake: kila asubuhi kabla ya kazi, nipulize mashine kwa Faiz, naye Faiz amtumie namba kwenye simu. Kwa Faiz! Kila siku ya Mungu!

Jumanne, 23 Septemba

Bi. Cherop naye ana amri. Machujio yote ishirini kayatia kwenye shimo la taka kwa mkono wake. Mashine ibaki, na nipite darasa moja baada ya jingine nikionyesha pamba. Leo nimeanza na Kidato cha Pili. Wakaipokezana mkono kwa mkono. Msichana mmoja, Cindy, akaomba pamba ampelekee babake. Nikampa. Wengine kumi na wawili wakaomba. Mizani yangu imekuwa ofisi ya posta.

Mashine ya Faiz leo: ishirini na nane. Mama Janet kanipakulia chakula bila mchuzi.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mzee Badi kanitembelea maabara. Kapanda ngazi zote ishirini na mbili. Nilimsikia akija, yaani sikumsikia, na hilo ndilo lilinishtua. Siku ya kumi na nane. Kaketi, kacheka.

"Sikusimama hata ngazi moja, mwanangu. Jana nimesoma msikitini bila kuwakatiza wenzangu kwa kikohozi. Umenirudishia pumzi yangu."

Kaniletea halua ya nyumbani. Kaniombea dua ndefu, mimi na watoto na kifua changu. Kisha kaniuliza taratibu, macho kwa macho, na mimi je?

Nikamwambia maendeleo ni makubwa mno. Na ni kweli! Nimefanya utafiti wangu kamili kabisa. Nimegundua ile mashine haina kumbukumbu. Inajua saa chache zilizopita tu, basi. Gesi ile hupungua nusu kila baada ya saa tano hivi, na ukitembea haraka hupungua upesi zaidi. Kwa hiyo ya mwisho navuta kabla ya magharibi, nalala, naamka, nazunguka uwanja wa shule mara sita nikikimbia, nafika kwa Faiz saa mbili kamili nikiwa wa kwanza. Saa mbili na dakika kumi nipo nyuma ya matangi.

Leo: tisa! Chini ya kumi! Faiz kanipa mkono. Mama Janet kajibu kwa ujumbe wenye maua matatu, na nasikia mchuzi umerudi, wa kamba wa nazi. Bi. Cherop kasema ananiona nakimbia kila asubuhi na kwamba nimekuwa mfano kwa walimu.

Mzee Badi kapuliza pale dukani baada yangu. Mbili.

Nimezipiga hesabu jioni hii, kichwani. Yeye kajinyima siku kumi na nane nzima apate mbili. Mimi nimejinyima saa kumi na nne tu, tena nyingi nimelala, nikapata tisa. Kwa kila saa ya mateso, nimemwacha mbali sana.